JUU YA KULOBA SAMAKI WAKATI WA JUA KALI



Wote mulisikia habari ya kijito chetu, ile Siku ya Posho ya pili ya mwezi wa kenda. Watoto watano wa kilasi ya saba walitoka interna bila ruhusa, saa saba ya muchana, jua likiwa kali kabisa. Waliponda majani ya buba juu ya jiwe, wakayatia ndani ya kile kiziwa kidogo chini ya daraja. Jioni walirudi na beseni mbili za samaki, wengine wadogo kama kidole. Kesho yake, Siku ya Mungu, wamama wa mtaa wa chini walikuta samaki weupe wanaelea tumbo juu pale wanapochota maji. Walikuja na ndoo zao mpaka kwenye mulango wa Bwana Prefe. Maneno waliyosema hatutayaandika yote hapa, sababu bulletin hii inasomwa hata na wachungaji.

Watoto wale walirudishwa nyumbani siku tatu. Sasa tunasikia kama kamati ya nizamu inataka kukataza wanafunzi wote wasifike tena kwenye kijito mpaka mwisho wa mwaka wa masomo. Sisi wakapita wa interna, wafinalisti wote, tulikaa pamoja mara mbili juu ya neno hili. Tunakubali azabu. Lakini kukataza wote, mwaka muzima, hapo hatukubali, na tunaomba ruhusa kusema sababu.

Kwanza tuseme kweli. Nani aliwafundisha watoto wale kuponda buba? Ni sisi. Wakati tulipokuwa kilasi ya saba, wakubwa wa wakati ule walitutuma kutafuta majani, wakatuonyesha namna ya kuyaponda na mahali pa kuyatia, kule juu maji yanapoingia. Tulipokuwa wakubwa na sisi tukatuma wadogo. Mwaka jana, mwezi wa kumi, wawili kati yetu walikuwa kwenye kiziwa kile kile, na samaki wale tulikula wote pamoja na bukari nyuma ya dortwari. Hakuna mutu aliyetuona. Mmoja wa wale watoto watano alituambia usoni: «Kapita, bakubwa banakula, batoto banafukuzwa.» Tulikosa jibu. Kwa hiyo barua hii si ya wenye haki wanaohukumu wakosaji.

Sasa neno lenyewe. Sisi wote tulifikiri ubaya ni buba tu. Kama mutoto anatumia ndobo na munyoo, basi mambo ni sawa, saa yoyote, mwezi wowote. Baada ya matata yale tulimuuliza mwalimu wetu wa biolojia, naye akatupa kazi ya kusoma juu ya samaki mmoja wa inchi za baridi. Kwa Kifaransa anaitwa truite. Hapa tutaandika truti. Wengine walicheka: truti na sisi wapi na wapi? Tulisoma tukaacha kucheka.

Truti ni samaki wa vijito vidogo vya milima, Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Afrika pia yuko mahali pa baridi: Waingereza walimuleta Kenya mwaka 1905, wakamutia katika muto Gura, katika milima ya Aberdare. Anapenda maji ya digri 10 mpaka 16 hivi. Maji yakipita digri 20 anaanza kuteseka, na karibu na digri 25 anaweza kufa, hata kama hakuna mutu aliyemugusa. Mwenyewe hana moto ndani ya mwili kama sisi watu. Maji yakipata joto, na mwili wake unapata joto, moyo unakimbia, anataka kupumua zaidi. Na ni wakati ule ule maji yanakuwa na hewa kidogo zaidi. Litre moja ya maji safi ya digri 10 inaweza kushika miligramu 11 na kidogo za oksijeni. Kwa digri 20 inashika 9. Kwa digri 30 inashika 7 na nusu tu. Hesabu hizi ni za kando ya bahari. Hapa kwetu Katanga, juu zaidi ya mita 1200, hewa yenyewe ni nyepesi na maji yanashika kidogo kuliko hapo. Ni kama interna siku ya njala: watu wanaongezeka mezani, sufuria inapunguzwa.

Fikirini sasa samaki kama huyo akamatwe na ndobo saa nane ya muchana. Anapigana, anavutwa huku na huku, nyama ya mwili inajaa asidi kama miguu yetu baada ya kukimbia mashindano. Mulobaji mwenye huruma anamurudisha majini. Samaki anakwenda vizuri, mkia unacheza, mutu anarudi nyumbani na roho safi. Saa chache kisha, samaki yule amekufa chini ya jiwe na hakuna aliyemuona. Sisi kwa upande wetu haturudishi samaki majini, tunamutia ndani ya kapo. Lakini hata sisi tunatupa wale wadogo sana, tukifikiri tumewaokoa.

Basi wale walobaji wa truti walifanya nini? Hapa ndipo tulipofurahi kusoma. Katika jimbo la Montana, kule Marekani, serkali iko na desturi ya kufunga mito kwa saa, si kwa mwaka. Maji yakifika digri 23 hivi, siku tatu kwa kufuatana, wanaweza kukataza kuloba tangu saa nane ya muchana mpaka saa sita ya usiku. Asubui ruhusa iko. Maji yakipoa, sheria inaondolewa. Na wanaiita kwa jina la bundi! Sababu yake ni kwamba zamani wakata-miti wa kule, wakati wa kiangazi, walianza kazi alfajiri sana kwa kuogopa moto wa pori, wakasikia bundi wakilia. Tunajua kwetu bundi ni ndege wa walozi, na mutu akisikia sauti yake juu ya dortwari usiku hakuna anayekwenda chooni peke yake. Lakini kule bundi analinda samaki.

Na walobaji wenyewe, wale wanaojua kazi, hawangoji sheria. Wanabeba termometre kidogo ndani ya mufuko, wanatia majini mbele ya kutia ndobo. Wakiona joto limepita wanarudi nyumbani, ao wanapanda juu zaidi, kwa vijito vidogo vilivyo ndani ya miti. Hapo tulijifunza jambo ambalo hatukulifikiri. Sisi tulizani muto mukubwa ndio wenye baridi na kijito ndicho kinachopata moto upesi. Ni kweli kama kijito kiko wazi kwa jua. Lakini kijito kilicho chini ya kivuli, karibu na chemchemi, kinaweza kuwa baridi kuliko muto mukubwa wa bondeni, maana maji ya chemchemi yanatoka chini ya udongo na joto lile lile karibu mwaka muzima. Wakati wa jua samaki wanajua mahali pale. Wanasongana kwenye mulango wa chemchemi, chini ya mizizi ya ukingo, na pale maji yanaporuka juu ya mawe, kwa maana maji yakiruka yanachukua hewa. Wale wanaojua kuloba katika vijito wanatembea kwa magoti, sababu maji ni kidogo na ya kuangaza na samaki anaona kivuli cha mutu mbali. Wanatumia panzi wa uongo, wa manyoya na uzi. Panzi! Kumbe hata watoto wetu wanatumia panzi, lakini wa kweli.

Wengine wenu mutasema: haya ni ya truti, sisi tuko na kambale. Hiyo ni sauti ya haki na tunapashwa kuijibu. Samaki wetu si wa baridi. Makobo, wale munaowaita tilapia, wanavumilia maji ya joto ambayo yangeua truti mara moja, na hewa ikipunguka wanapanda juu kunywa maji ya karibu na hewa. Kambale anapita wote: ndani ya kichwa chake iko kiungo kama muti mudogo wenye matawi, ambacho kinamusaidia kupumua hewa yenyewe kama sisi. Ndiyo maana munamukuta ndani ya matope, wakati wengine wote wamekufa, akiwa angali anapiga mkia. Kwa hiyo hatuwezi kuchukua zile digri 23 za Montana na kuzibandika kwenye mulango wa refektwari. Ingekuwa ujinga.

Lakini fikirini ni wakati gani sisi tunaloba sana. Ni mwezi wa kenda na wa kumi. Mwezi wa sita na wa saba kwetu ni baridi, na wanafunzi wengi wanakwenda likizo. Tunaporudi masomo, joto linapanda, na mvua haijanyesha tangu miezi mingi. Kijito kinakuwa kamba nyembamba ya maji inayofunga viziwa vichache. Samaki wote waliokuwa wametawanyika wamekusanyika ndani ya viziwa vile. Tunasema: «Leo samaki ni wengi!» Si wengi. Ni wale wale wa kijito kizima, wamefungwa ndani ya chumba kimoja. Na ndio mbegu. Mvua ya kwanza ikijaza maji, kambale anapanda kwenye majani ya bondeni kutaga mayai. Ukimaliza kiziwa cha mwezi wa kumi umemaliza samaki wa mwaka ujao pia. Ni kama mulimaji anayekula mahindi ya mbegu siku tatu mbele ya kulima, halafu anauliza kwa nini shamba halioti. Wazee wa mtaa wanatuambia zamani kijito hiki kilikuwa na samaki mpaka juu kwenye shamba la masomo. Leo juu ya daraja hakuna kitu isipokuwa vyura.

Buba yenyewe ni mubaya zaidi kwa sababu haichagui. Dawa iliyo ndani yake, rotenone, inazuia mwili wa samaki usitumie hewa. Anakuwa ndani ya maji yenye oksijeni na anakufa kama hakuna. Mukubwa, mudogo, mwenye mayai, wote. Wakati maji ni mengi dawa inatawanyika. Wakati wa jua maji ni beseni moja, na dawa inakaa pale na nguvu zake zote. Yule mutoto aliyetuambia «samaki ilikuwa inakufa tu mu ile maji ya moto, shiye tukasaidia» alisema neno la kuchekesha, lakini alijua zaidi ya sisi: samaki walikuwa wamekwisha kuchoka.

Chandarua za mbu zile zile. Haziachi hata mayai. Hatutaongeza.

Sasa kuna neno la miti, na hapa tunaomba wakubwa watusikilize kwa uvumilivu, sababu halihusu watoto wa kilasi ya saba. Ule mushitu wa kijito, tangu chemchemi mpaka daraja, ulikuwa muzito wakati tulipofika hapa. Tulikuwa tunaogopa kupita ndani yake jioni. Leo mutu anasimama kwenye kiwanja cha mupira anaona upande wa pili. Miti imekwisha kuwa makala. Wengine wamekata wenye kuchoma matofali, wengine wamelima mboga mpaka kwenye ukingo. Tunajua kila jiko la mtaa linataka makala, na la interna pia. Lakini tulifanya jaribio dogo. Siku moja saa tisa ya muchana tulitia miguu kwenye maji ya chemchemi, chini ya miti iliyobaki: baridi mpaka kwenye mifupa. Kisha tukashuka hatua mia tatu, mahali pasipo muti hata mmoja: maji ya kuoga mutoto. Ni kijito kimoja, saa moja. Kama kivuli kingekuwa kimebaki, hata hatungekuwa na barua hii ya kuandika. Kukataza mutoto mwenye ndobo na kuacha panga ya mukata-makala, hiyo ni kuziba panya na kuacha mulango wazi.

Ndiyo sababu tunasema kukataza kijito mwaka muzima si dawa. Interna inakula bukari na sombe siku sita kwa juma. Mama wa jikoni anafanya anavyoweza na feza anazopewa, hatumulaumu. Mutoto anayekamata samaki watatu kwa ndobo anakula vizuri siku ile na anagawia rafiki. Tena, mutoto aliyekatazwa kabisa ataiba, na mwenye kuiba hataki kukaa saa mbili na ndobo. Anataka buba, sababu ni upesi. Ng'ambo ya mupaka, Zambia inafunga uvuvi katika sehemu kubwa ya maji yake tangu tarehe 1 desemba mpaka mwisho wa februari, wakati samaki wanazaa, kisha inafungua. Kwenye ziwa Tanganyika, mwaka 2024, Tanzania ilifunga miezi mitatu, tangu 15 mei mpaka 15 agosti, kisha ikafungua. Mutu anaweza kungoja kitu chenye mwisho.

Tunaomba hivi. Tangu tunaporudi masomo mpaka mvua ya kweli ijaze kijito, viziwa vyote chini ya daraja vifungwe kwa kila mutu, mwanafunzi na mwalimu. (Tumewahi kuona walimu pale, na hatutataja majina.) Katika maji yanayotembea, upande wa juu, ndobo iruhusiwe asubui tu, Siku ya Posho, tangu saa kumi na mbili mpaka saa nne. Mmoja wetu aliuliza kwa nini basi tusiache viziwa pia asubui, kama maji ni baridi wakati ule. Mwalimu alitufahamisha: ndani ya kiziwa kilichosimama na kujaa majani ya maji, majani yale yanatoa oksijeni muchana kwa nguvu ya jua, lakini usiku hayatoi, yanapumua tu kama sisi. Alfajiri ndipo hewa inakuwa kidogo kabisa. Mutakumbuka samaki wanaofungua midomo juu ya maji jua likiwa halijatoka. Tulikuwa tunasema wanasali. Kumbe wanakosa pumzi. Basi sheria ya asubui ni nzuri kwa maji yanayokimbia, kwa kiziwa hapana.

Buba na chandarua, hapana siku zote. Atakayekamatwa, hata kama ni finalisti, hata kama ni kapita, afuate njia ile ile waliyopita watoto watano. Tumetia sahihi karatasi juu ya neno hili na tumeipeleka kwa Bwana Prefe. Tunaomba pia wale watano wasiandikiwe alama ya mwisho katika nizamu. Wamekwisha kulipa siku tatu, na sehemu ya deni ilikuwa yetu.

Juu ya miti, kilasi yetu iko tayari kupanda kwenye ukingo mvua ikianza, kila Siku ya Posho baada ya kazi ya shamba, tangu chemchemi kushuka. Hatutaona kivuli chake, tutakuwa tumekwisha kufanya egzeta na kwenda zetu. Watoto wa kilasi ya saba watakiona. Tunatafuta miche ya miti ya mushitu wenyewe, si mikalitusi, maana mukalitusi unakunywa maji mengi. Mwenye kujua mahali pa kupata atuambie.

Na kwa mwalimu wetu wa shimi, tukiwa na heshima yote: tuliomba termometre ya laboratwari mara mbili, ukakataa kwa sababu ni moja tu na sisi ni wavunjaji. Tunaomba mara ya tatu. Siku ya Posho inayokuja, saa kumi na mbili ya asubui na tena saa tisa ya muchana, kwenye daraja. Tutaifunga na kamba, na wewe mwenyewe utashika kamba.

Wakapita wa interna